Mama Mwanasiti, Jina la Pascaline Tumelirudisha

Mwaka mzima umepita, Mama, tangu alasiri ile uliponyamaza uani kwetu Buyenzi, sentensi ikiwa bado mdomoni. Leo tunakukumbuka mbele za watu, maana wewe ulikuwa wa watu, na wengi wao hawajaacha kutuuliza mlangoni alikuwa nani. Tutawajibu hapa hapa. Lakini tuache kwanza tukusifu kama ilivyo ada, ingawa ulikuwa mtu wa kugeuza uso ukisifiwa na kuuliza kama chai imeiva.

Raihana, binti yako, amekataa kuandika maneno haya. Anasema ameandika vya kutosha mwaka huu. Basi tumeyaandika sisi wengine wa nyumbani, ambao ulikuwa ukituambia kwamba hatujui kuweka nukta mahali pake. Utatuvumilia.

Ulitunga vitabu vya mapenzi, na idadi yake hatuijui. Massoudi, mwanao mkubwa, anasema vimepita sitini. Wewe ulisema mwenye kuhesabu watoto wa mtu anawatakia mabaya, kwa hiyo aliacha. Vilikuwa vitabu vidogo vya kuingia kwenye mkoba, jalada la waridi, wino wa kushika vidoleni mwa anayetoka jasho. Nioe Kabla ya Mvua. Pete Ilibaki Gihosha. Sitaki Pole Yako. Vilisomwa saluni, vilisomwa sokoni chini ya meza za vitenge, vilivuka mpaka kwenda Uvira, vilishuka hadi Rumonge, na vingine vilirudi vimechanika, vimeandikwa pembeni na watu wenye hasira: kwa nini amemsamehe? Hasira hizo ulizipenda kuliko sifa. Ulituonyesha ukurasa kwa ukurasa, ukicheka hadi unashika mbavu.

Wanawake walioachwa walikuja kukulalamikia utadhani wewe ndiwe uliyewaoza. Uliwapikia ndagala, dagaa wetu wa ziwani, ukawasikiliza hadi mwisho, ukawasindikiza hadi barabarani. Na hukuiba kisa cha mtu hata kimoja. Ulisema kisa cha mtu ni nguo yake ya ndani, haianikwi kwenye kamba ya jirani. Ulichokuwa ukiazima ni jina tu.

Wasiokujua inabidi waelezwe. Kabla ya kuanza kitabu ulijitanda khanga mpya, ukaenda kwa miguu hadi kwa mwanamke uliyemchagua, ukanywa chai yake yote, ndipo ukasema: "Nimekuja kuazima jina." Jina la kubuni, kwa maoni yako, halina uzito. Jina lazima liwe limeshaitwa kuja kula, limeshaitwa kugombezwa. Wanaume wa vitabuni uliwabunia majina mwenyewe, eti wanaume hawajali. Na palikuwa na sharti moja. Mwenye jina la kuazima angeweza kuachwa, kulia, kufukuzwa na mama mkwe, hata kuugua kipindupindu, lakini kufa hafi. Kitabu kikiisha, ulirudi nyumba ile ile na kilo ya sukari, ukaiweka mkononi mwa mwenyewe na kumwambia: "Jina yako imetembea, imeona, imerudi salama." Mtu akacheka, sukari ikaingia kwenye chai, jina likawa lake tena.

Wapo waliodhani ni mzaha wako wa utu uzima. Wapo waliokukwepa njiani wakikuona na khanga mpya. Na yupo Mama Christa, jirani yetu wa nyumba ya tatu, aliyenuna miaka na miaka kwa sababu hukuwahi kubisha kwake.

Kazi yenyewe uliifanya kwa miguu. Baada ya swala ya alasiri, Baba, Mzee Uthmani, alitoka kwenye cherehani yake akafagia njia kutoka bombani hadi jikoni. Baba hakuwahi kusoma hata ukurasa mmoja wako. Alisema anaona haya. Lakini kufagia hakuacha siku hata moja, ili usijikwae. Halafu ulivaa kandambili zako za kijani ukaanza: bombani, jikoni, jikoni, bombani, ukikisema kitabu kwa sauti. Raihana alikaa barazani mezani, amekupa mgongo, anapiga kila neno kwenye kompyuta. Kukupa mgongo ilikuwa amri yako, maana ulisema ukitazamwa unaanza kutunga kwa ajili ya uso wa mtu. Amri ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Ukinyamaza, asigeuke na asitamke kitu. Ulikuwa unatafuta neno, na akigeuka, neno linakimbia.

Raihana alikuandikia hivyo tangu alipomaliza shule. Akaolewa, akawa anakuja mchana. Akaachika, akarudi na sanduku lake, na kesho yake akakaa pale pale alipoachia. Wewe hukumuuliza kitu. Ulivaa kandambili ukasema: "Ukurasa mpya."

Kitabu kikiisha ulizivua kizingitini mwa jiko, moja, kisha nyingine, pwaa, pwaa, ukakaa kwenye mkeka ukaomba chai. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yetu. Hata watoto wa jirani walijua.

Kitabu chako cha mwisho ulikiazimia jina la Pascaline, mwalimu wa shule ya msingi, anakaa Ngagara kwa shangazi yake. Marehemu mama yake alikuwa rafiki yako wa tangu mnacheza wote vumbini, yeye na msalaba shingoni, wewe na ushungi. Pascaline alikuwa amechumbiwa na Gélase, kijana wa bandarini, mrefu, mpole, wa maneno machache. Raihana alikuwepo siku ile ya chai na anayakumbuka mazungumzo yenu.

"Mama, munipe bwana muzuri," Pascaline alikuambia.

"Wa kweli ama wa kitabu?"

"Wa kitabu. Wa kweli niko naye."

Mlicheka wote watatu. Ukatoka na jina lake, ukaanza kazi Jumatatu.

Ndani ya kitabu, Pascaline amegombana na mwanamume uliyemwita Sylvère. Amejifungia katika nyumba tupu huko Kibenga, karibu na ziwa, hataki kumwona mtu. Mvua inanyesha. Mtu anabisha hodi, anabisha tena. Ulikuwa unatoka jikoni kuelekea bombani, na Raihana akakusikia ukisema kwa ile sauti yako ya kitabuni: "Pascaline akashika kitasa, akafungua mlango, na mbele yake akasimama…"

Ukanyamaza.

Raihana akasubiri, vidole juu ya herufi. Alijua unatafuta. Alifurahi hata, kwa kuwa ukimya wako mrefu kwa kawaida ulileta neno zuri. Chai yake ikapoa. Jirani akaita mtoto, mtoto akaitika. Adhana ya magharibi ikatoka msikitini, na binti yako, kwa kutii, bado alikuwa amekupa mgongo. Ni Baba aliyetoka na birika akakukuta umekaa chini, umeegemea bomba, kandambili miguuni.

Daktari alisema ni moyo, na kwamba hata kama angekuwa amekushika mkono, isingesaidia. Raihana alimshukuru daktari. Hakumwamini.

Waliokuja kukuosha walimsikia akiikariri ile sentensi, tena na tena, na Buyenzi haina siri. Matangani, utusamehe kwa kusema, watu walimpa Raihana mkono wa pole na kumnong'oneza hapo hapo: "Na mulangoni ilikuwa nani?" Tulikasirika. Baadaye tukafikiri kwamba wewe ungefurahi sana.

Baada ya arubaini, Massoudi aliamua kumaliza jambo. Massoudi ni fundi magari, na ufundi wake ni huu: gari usiloweza kulitengeneza, mrudishie mwenyewe, usiliache likae gereji. Alinunua kilo ya sukari, akaenda Ngagara, akamwambia Pascaline maneno yako kama ulivyokuwa ukiyasema. Pascaline akapokea kwa mikono miwili. Massoudi akarudi ameridhika, akala vizuri. Hakuna aliyemwambia kwamba jina halirudishwi kitabu kikiwa wazi, kwa kuwa jambo hilo halikuwahi kutokea.

Wakati huo, Mama, wewe ulikuwa umeshaanza kutembea.

Wa kwanza kukusikia alikuwa Raihana. Alikuwa ameendelea kukaa mezani baada ya alasiri, kwa mazoea tu, ile sentensi mbele yake. Akasikia kandambili nyuma yake. Bombani, jikoni. Jikoni, bombani. Mwendo ule ule, na ule mguu wa kushoto unaoburura kidogo kwa sababu ya goti. Hakugeuka. Alikaa hadi adhana, machozi yakimtiririka na mdomo wake, anasema mwenyewe, ukitabasamu.

Halafu tukasikia sisi. Massoudi alisikia akasema ni maji yanadondoka, akalibadilisha bomba zima, na kesho yake ukatembea kama kawaida. Tulimwendea shehe. Akatufundisha kwa upole kwamba maiti hatembei, tukakubaliana naye, tukasoma dua pamoja naye, tukarudi nyumbani, na wewe ulikuwa uani. Hatukuogopa kama wanavyoogopa watu wa hadithi. Lakini tulianza kuongea kwa sauti ya chini saa zile, na hakuna aliyekatiza njia kwenda jikoni. Maji ya chai tulichota mapema. Baba aliendelea kufagia, nasi tukadhani ni mazoea tu.

Watu walimwomba Raihana akimalize kitabu. Mwenye mashine ya kuchapa alituma ujumbe. Wasomaji wako walimsimamisha njiani. Yeye alikuwa na jibu moja: "Mi sijue mapenzi. Mapenzi yangu iliishia kwa tribunal." Watu, wakikumbuka talaka yake ya mahakamani, wakacheka, wakamwacha. Lakini sababu haikuwa hiyo, na sisi tuliijua. Sentensi ikiwa wazi, wewe unatafuta neno. Ukiwa unatafuta, unatembea. Siku atakapoweka nukta, utavua kandambili. Mara ya kwanza alikuacha unakufa nyuma yake bila kugeuka, ndivyo alivyojiambia, na sasa alikuwa akitakiwa akunyamazishe kwa mkono wake mwenyewe.

Huku kwetu yeye alikuwa amekushikilia. Kule Ngagara mambo yalikuwa yanaharibika.

Habari zilitufikia kidogo kidogo. Pascaline hafungui mlango. Shuleni, darasa lake linakaa wazi hata upepo ukirusha karatasi za watoto, ili mtu asije akabisha. Nyumbani, mtu akigonga anaganda na kijiko mkononi. Sukari ya Massoudi iko juu ya kabati na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Harusi ilikuwa baada ya Pasaka, ikasogezwa hadi baada ya mvua, halafu ikawa haisemwi. Siku ukoo wa Gélase ulipokuja kuleta mahari, wazee kwa suti zao, wakabisha, Pascaline alikishika kitasa kwa mikono yote miwili na shangazi yake hakuweza kumbandua. Wazee walisimama juani, wakasikiliza mabishano ya ndani, kisha wakarudi walikotoka na vinywaji vyao. Mjomba wa Gélase alisema hatakanyaga tena pale.

Tulisikia, tukasikitika, tukamtazama Raihana. Raihana akatazama chini.

Kisha ikaja siku ya mvua kubwa, ile inayogeuza barabara za Buyenzi kuwa mito ya matope. Ilikuwa alasiri. Raihana yuko mezani, amekwisha kuisogeza ndani kidogo isilowe, na wewe unatembea, maana mvua haikukusumbua. Mlango wa mbele ukabishwa. Wewe ukasimama.

Mara nyingine ulisimama ukaendelea. Safari hii hukuendelea. Mlango ukabishwa tena. Raihana alikuwa peke yake nyumbani na Baba, na Baba alikuwa kwenye mswala. Aliinuka, akafika mlangoni, akaweka mkono kwenye kitasa, na mkono ukakataa. Mvua, nyumba kimya, mtu nje, na mama yake amesimama nyuma yake uani anasubiri. Hapo, anasema, ndipo alipomwelewa Pascaline kwa mara ya kwanza, na akaona aibu kwamba ilimchukua muda wote huo.

Akafungua. Alikuwa ni Pascaline mwenyewe, amekonda, na kilo ya sukari kifuani, karatasi imelowa. Nyuma yake Gélase ameshika mwavuli na uso wa mtu asiyejua aongee au anyamaze.

"Dada Raihana, nimewaletea sukari yenu," alisema. "Hakuna mutu ameionja."

Raihana akawakaribisha, wakakaa. Pascaline aliweka sukari mezani karibu na kompyuta.

"Kaka Massoudi aliniletea jina yangu, nikashukuru. Lakini haikuwa imetoka pale. Iko ingali mulangoni, imeshika kitasa."

"Pascaline, ni kitabu tu," Raihana alimwambia, na anasema ulimi ulimwasha kwa kusema hivyo mbele yako.

"Apana. Sikiliza. Siku ile Mama alisema Pascaline akafungua mulango. Ni mi nilifungua, dada. Mi niliazimisha jina, jina ikafungua. Na mwenye alisimama pale inje akaingia, akamuchukua Mama." Alikuwa halii. Alisema kama mtu anayesoma barua ya serikali. "Tangu siku ile, mutu akibisha minafikiri ni ule. Anarudi kwa mwingine."

Gélase akakohoa. "Mi siamini hizi vitu," alisema. "Lakini bibi yangu nitamuoa namna gani, kama haiwezi kufungua mulango?"

Raihana aliwatazama wote wawili. Miezi yote ile alijua kwamba yeye ndiye aliyekuua, kwa sababu hakugeuka. Na huku ng'ambo ya mji palikuwa na mwanamke mwingine aliyekuwa na hakika kwamba ni yeye aliyekuua, kwa sababu alifungua. Alimshika Pascaline mkono, akaushikilia. Mvua ilipopungua walikwenda, na sukari ikabaki mezani.

Baba alikuja akakaa kwenye kiti cha Pascaline. Alikuwa amesikia yote, na hakuzunguka.

"Umalize ile kitabu, mutoto wangu."

"Baba, nikimaliza ataacha kutembea."

"Najua."

"Munamusikia kumbe?"

"Mi nafagia kwa ajili ya nani?" Baba alimuuliza. Tangu tuzaliwe hatujamsikia akikutaja kwa jina mbele yetu, na hapo akakutaja. "Mwanasiti miguu yake ilikuwa inavimba. Kila jioni mi nilikuwa namukanda na maji ya chumvi. Sasa anatembea kila siku na hakuna mutu wa kumukanda. Umuache apumuzike."

Raihana alilia sana. Alilia kile kilio ambacho kwenye maziko hakikutoka. Baba alikaa naye hadi kikaisha, halafu akaenda kutia maji kwenye birika.

Kesho yake, baada ya alasiri, Baba alifagia. Alifagia polepole kuliko siku zote, akaondoa hata majani madogo, akarudi jikoni. Ukaanza kutembea. Raihana alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika maisha yake na wewe: akaigeuza meza. Akakaa akiuelekea ua. Hapakuwa na kitu cha kuona, Mama, anasema tuseme kweli. Bomba jipya la Massoudi, mkeka, matope yanakauka, na mlio wa kandambili ukipita mbele yake kulia na kushoto. Akausoma mstari wako kwa sauti: "Pascaline akashika kitasa, akafungua mlango, na mbele yake akasimama…" Halafu akaendelea kwa sauti hiyo hiyo, vidole vikifuata:

"…mwanamke mtu mzima, amejitanda khanga mpya, mkononi ana kilo ya sukari. Pole kwa kukuweka mlangoni siku nyingi, binti yangu, akasema yule mwanamke. Nilikuwa njiani. Jina lako limetembea, limeona, limerudi salama. Pascaline akaipokea sukari. Alipoinua macho, yule mwanamke alikuwa ameshageuka, anakwenda zake mvuani polepole kwa mguu unaoburura, na pale alipokuwa amesimama palikuwa na Sylvère, amelowa chapachapa, hana la kujitetea."

Huyo Sylvère alimweka kwa heshima yako. Kitabu chako hakikuwahi kuisha bila mwanamume kuomba msamaha, na Raihana hakuthubutu kuvunja kanuni. Aliandika msamaha, akaandika harusi, fupi, ya watu wachache, akaisoma yote kwa sauti huku wewe unakwenda na kurudi. Ulikuwa umeongeza mwendo kama ulivyokuwa ukifanya kurasa za mwisho. Alipofika neno la mwisho alichelewa. Alikitazama kidole chake juu ya nukta. Akakishusha.

Kandambili zikaenda hadi kizingitini mwa jiko. Zikasimama. Pwaa. Kisha pwaa.

Baba alitoka na glasi ya chai akaiweka juu ya mkeka. Wakakaa wawili hao hadi ikapoa, na walipoingia ndani Raihana alilala hadi asubuhi.

Ile sukari ilikuwa imelowa ikagandamana. Raihana aliitwanga kwenye kinu chako, akaianika juani, akaifunga upya. Alijitanda khanga mpya akaenda Ngagara kwa miguu, kama ada yako, na hata angetaka basi asingelipata, maana siku zile essence, yaani petroli, ilikuwa haionekani. Alibisha. Ndani kijiko kikaanguka, na baada ya hapo kimya. Raihana hakubisha mara ya pili. Alisimama pale, mwanamke mtu mzima na sukari mkononi, akasubiri kama alivyofundishwa kusubiri, na hatimaye kitasa kikageuka.

Pascaline alimtazama juu hadi chini. Hakuwa amesoma bado hata mstari mmoja.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mi. Jina yako imetembea, imeona, imerudi salama."

Pascaline na Gélase walioana mwezi wa nane. Mjomba wa Gélase alikanyaga, akabisha mwenyewe, akafunguliwa na bibi harusi, na chai ya wageni ilitiwa sukari ile. Sisi tulikuwepo. Massoudi alikunywa vikombe viwili akasema inanukia kinu, tukamkanyaga mguu chini ya meza.

Kitabu kimetoka, jalada la waridi, jina lako juu yake peke yake. Raihana hakutaka lake liwekwe. Watu wanauliza ni nani aliyeandika ukurasa ule wa mlangoni, tunawaambia ni wewe, na hatuoni kama tunadanganya. Wiki iliyopita Raihana alitoka tena na khanga mpya, akabisha nyumba ya tatu, na Mama Christa, tangu siku hiyo, anatusalimia yeye wa kwanza.

Lakini alasiri ni ngumu, Mama. Tutasema hivyo tu. Tunaweza kukatiza njia kwenda jikoni sasa, na hatukatizi. Raihana ameiacha meza pale alipoigeuza, anakaa akiuelekea ua, na kuna siku haandiki chochote. Baba bado anatoka na ufagio, anafagia kutoka bombani hadi jikoni, akimaliza anasimama na kutega sikio.

"Mumesikia kitu?" anatuuliza.

"Apana, Baba."

"Alhamdulillahi," anasema. Anarudisha ufagio mahali pake, na anakaa kidogo peke yake kule jikoni kabla ya kurudi kwenye cherehani.

Dua yako itasomwa nyumbani Ijumaa hii, baada ya alasiri. Waliowahi kukuazimisha majina yao wote wanakaribishwa. Chai ipo.

Unakumbukwa na mume wako, Mzee Uthmani. Wanao Massoudi, Raihana na Anouar. Wajukuu wako Khadidja na Ilias. Mama Christa na majirani wote wa Buyenzi. Na Pascaline na Gélase wa Ngagara, ambao mlango wao uko wazi.

Kandambili zako ziko kizingitini, Mama, hakuna aliyezigusa. Pumzika miguu. Sisi tutakukumbuka siku zote tulizoandikiwa.